Ishinge Inayolala

Mama yangu alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Nyamugari aliyependa jembe, na jambo hilo lilitutia aibu sisi watoto wake. Mtaani kwetu pale Gitega watu waliuza, walishona, walitengeneza baiskeli na redio. Kulima kulikuwa kwa watu wa vilimani. Yeye alizaliwa kilimani, upande wa Mutoyi, akabatizwa huko, kisha akaolewa na baba na kusilimu, lakini mikono yake haikusilimu. Nyuma ya nyumba, kati ya choo na ukuta wa jirani, alipanda ishinge.

Ishinge ni nyasi tu. Ni zile nyembamba zinazoota kwa mafungu vilimani, mahali ambapo udongo umechoka na hakuna kitu kingine kinachotaka kuishi. Kiangazi kikija zinapauka na kusubiri. Mvua ikirudi, zinarudi, kwenye shina lile lile, mwaka baada ya mwaka. Zamani watu walizitandaza sakafuni mgeni akija au bibi harusi akiingia, na mama alisema bila harufu ile nyumba haijawa nyumba. Watoto wa jirani walituuliza kama tunafuga ng'ombe ndani. Mimi nina hasira za karibu tangu utotoni, nikapigana nao sana kwa ajili ya nyasi ambazo mwenyewe nilizichukia.

Baba alipeleka chumvi na sabuni Muyinga na kurudi na maharage. Wakati wa vita alisafiri mara moja zaidi ya ilivyofaa. Gari lao lilishambuliwa njiani, Muyinga ikiwa karibu kabisa. Waliopona walituletea habari kwamba waliokufa walizikwa na watu wa kilima kile, haraka haraka, na kwamba hakuna aliyethubutu kuuliza nani ni nani. Barabara ilikuwa haipitiki. Mama alikaa eda ya mtu ambaye hakumwona amekufa, na eda ilipoisha hakuomba kitu kingine duniani ila hiki: ajue mumewe amelala wapi. Alisema hivyo asubuhi, alisema hivyo akipika, alisema hivyo kwa wageni waliokuja kwa mambo yao mengine, mpaka wakaanza kutupita mbali.

Amani ilipokuja na magari yakaanza kupita tena bila msafara wa askari, tulikwenda watatu: mama, mimi na baba mdogo, yaani mdogo wake baba. Mimi nilikuwa tayari nina cherehani yangu sokoni. Tulipitia Karuzi, tukashuka pale tulipoelekezwa, tukamkuta mwanamke anauza mtama kando ya barabara. Mama alimsalimia kwa Kirundi cha kwao, akamweleza. Yule mwanamke hakusimama. Alituonyesha kwa kidevu nyumba iliyoanguka juu kidogo ya barabara, akasema watu wa gari walizikwa kule nyuma, kisha akaendelea kupanga mtama wake.

Nyuma ya kuta zilizobaki tulikuta migomba iliyosongwa na magugu na tuta moja la udongo. Moja tu. Mama aliuliza wengine wako wapi, kwa sababu gari lile lilikuwa limejaa. Hapo ndipo baba mdogo, mtu aliyezungumza siku zote kana kwamba yuko juu ya mimbari, alipotazama jua, akanyoosha mikono yake miwili, akapima kwa macho urefu wa lile tuta. Akatangaza kwamba marehemu amelazwa kuelekea kibla. Wakristo hawazikwi hivi, alisema, tazameni wenyewe. Aliyemzika alijua anamzika Mwislamu.

Mama alianguka palepale juu ya tuta akalia kwa sauti. Miaka yote ile alikuwa analia kimya, usoni tu, na sasa sauti ilitoka mpaka watu wa barabarani wakasimama kusikiliza. Baba mdogo alisoma Yasini hadi koo likamkauka. Mimi nililia pia. Tuta lilikuwa na urefu wa mtu na lilielekea kunakotakiwa, na hilo lilinitosha.

Tatizo lilikuwa tuta lenyewe. Lilikuwa limeanza kubonyea katikati, na pale kilimani maji ya mvua yanateremka kwa nguvu. Tungeliacha hivyo, baada ya masika machache pangekuwa sawasawa na ardhi. Baba mdogo alisema kaburi halijengewi saruji, na hata lingejengewa hatukuwa nayo. Mama alikuwa ameshaacha kulia. Alisema ataleta ishinge.

Alingoja mvua za Oktoba zitulie. Aling'oa mafungu ya nyuma ya nyumba kwa jembe, akayapasua kwa mikono, kila kipande na machipukizi yake na mizizi yake, akakata majani yabaki mafupi ili yasinywe maji yote safarini. Mizizi aliichovya kwenye uji wa udongo na kinyesi cha ng'ombe, akafunga kwa majani ya mgomba, akatia kwenye gunia alilolilowesha. Nikabebeshwa mimi, mshonaji wa suti za maharusi, gunia linalonuka kinyesi, ndani ya gari la abiria hadi Muyinga. Njia nzima niligeuza uso dirishani. Kufika, alipanda kwa kukatiza mteremko ili kila fungu lizuie maji ya fungu la juu yake, akiangalia asizike moyo wa shina, maana ukiuzika unaoza. Kisha akakanyaga pembeni ya kila shina kwa kisigino. Alinifundisha na mimi nikakanyaga. Nikawa nakanyaga juu ya baba yangu, na mama akasema hasikii uzito.

Tangu hapo alikwenda kila msimu. Mwaka wa kwanza hakukubali nyasi ziguswe na mundu. Aling'oa urwiri tu, lile gugu linalotambaa chini kwa chini na kunyonga kila kitu, akiufuata mzizi kwa vidole hadi mwisho wake. Baadaye alizikata mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa mvua, akiacha kipimo cha kiganja juu ya ardhi, ili moto wa kiangazi ukipita usipate cha kula na shina lisife. Alizoa udongo pembeni akajaza pale tuta lilipozidi kubonyea, na lilibonyea sana. Zile zilizokatwa alizifunga mganda, akarudi nazo Gitega, akazitandaza chini ya mkeka wake wa kuswalia.

Msimu mmoja tulikuta shitingi imetandazwa juu ya kuta za ile nyumba, lile turubai la plastiki wanalopewa watu wanaotoka kambi za wakimbizi. Mwenye nyumba amerudi. Alikuwa mwanamume wa rika langu, Mkristo, mkulima, aliyekimbia akiwa kijana na kukulia Tanzania. Alikuwa amevuka mpaka pale Kobero na watoto wake na masufuria yao, akakuta nyumba ya marehemu baba yake ni magofu na nyuma yake kuna mama mmoja kapiga magoti anang'oa magugu.

Niliogopa kweli. Wakati ule waliorudi walikuwa wanagombea kila hatua ya ardhi, ndugu kwa ndugu, na huyu alikuwa na shamba dogo la kutia huruma. Nilijiandaa kwa ugomvi. Yeye akamwamkia mama shikamoo, kwa Kiswahili safi cha kule kambini, hata baba mdogo akashangaa: sisi Waislamu wa mjini tunaoitwa Waswahili, tunaosema iko hapa, iko pale, kumbe Kiswahili chenyewe kimebaki kwa mkulima. Mama alimweleza. Alimwonyesha ishinge, akamwambia chini yake yuko mume wake, akamwomba kwa jina la Mungu asipige jembe pale.

Yule mtu alilitazama tuta muda mrefu. Alitazama magofu, akatazama tuta tena. Kisha akasema, "Mama, njoo wakati wowote. Hapa hapaguswi."

Akatimiza. Alilima kulizunguka, akaacha kisiwa cha nyasi katikati ya maharage yake. Mama naye hakutaka kuwa na deni la wema, akamletea mafungu mengine ya ishinge na kumwonyesha jinsi ya kuyapanga kwa mistari katika shamba lake lote, kukatiza mteremko, ili udongo usikimbilie barabarani. Wakawa kama mtu na dada yake mkubwa. Ukaja mwaka ambao mvua ilikataa kabisa upande ule. Maharage yalikauka kabla ya maua, watu wakafunga mizigo na kurudi Tanzania waliyotoka jana, na wenye mbuzi wakapita shamba kwa shamba na mundu. Ishinge ilikuwa bado hai. Mwenye shamba aliwakatia majirani ile ya mistarini, lakini kila aliyeikaribia ya kwenye tuta alimwambia hilo ni kaburi la Mswahili, atakayeligusa atajua mwenyewe. Watu wa kule wanatuogopa na dawa zetu ambazo hatuna. Mama alisema mtu yule Mungu amemleta.

Halafu mama akaugua. Hospitali walituambia turudi naye nyumbani, na kauli hiyo kila mtu anaijua maana yake. Akaniita, akasema atakapokufa tusimzike Gitega. Apelekwe Muyinga, alazwe karibu na baba. Nikamjibu hilo si gumu, nitakwenda kumwomba mwenye shamba.

Nikaenda nikiwa na uhakika wote. Nilimkuta anapalilia. Nilipomaliza kusema, aliweka jembe chini, akaniambia kwa upole kwamba atatupa mahali, popote tutakapochagua, hata mbele ya mlango wake. Pale kwenye ishinge tu, hapana.

Niliwaka. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kwamba tumemtegemea, kwamba mama amemwokolea shamba, kwamba ameona sasa mama hana nguvu ndiyo anageuka. Alisimama mikono ikining'inia. Nilipoishiwa pumzi ndipo alipozungumza.

"Ndugu yangu, baba yako hayupo pale. Ule ni urwina wa baba yangu."

Urwina ni shimo la kuivishia ndizi za pombe. Unachimba shimo refu, unawasha moto ndani lipate joto, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi, unafunika kwa majani na kurudishia udongo juu. Likifunikwa linafanana na kaburi la jana. Aliniambia walifunika ndizi zile yeye na baba yake, na kabla hazijaiva wakakimbia. Hakuna aliyerudi kuzifukua. Zikaozea mle, na udongo ukawa unazama polepole jinsi tulivyouona unazama.

Nilimuuliza baba yangu basi yuko wapi. Alisema hajui. Alisema amelima shamba lote lile, misimu yote ile, akipiga jembe kidogo kidogo kwa hofu ya kumkuta, na hajakuta mtu. Pengine yule muuza mtama alichanganya kilima. Pengine alitaka tu tuondoke mbele yake. Nikauliza kwa nini alinyamaza siku ya kwanza. Alifuta uso. Alikuwa amemzika mke wake kambini, akasema, na kambi ikafungwa, na hajui hata kama pale pamebaki alama. Alipomwona mama amepiga magoti alishindwa. Baadaye mistari ya ishinge ilipoanza kushika udongo wake, alinyamaza zaidi.

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulishapanda. Nilifikiria Yasini zote zile, baba mdogo na mimbari yake, mama na mganda wake wa nyasi chini ya mkeka wa kuswalia, yote juu ya shimo la pombe. Kisha nikaketi chini kwenye maharage yake na yeye akaketi. Tulikaa hapo hadi gari la mwisho la Gitega likawa karibu kupita.

Nyumbani nilimkuta mama ameegemezwa ukutani, anapewa uji na dada yangu. Aliuliza amekubali? Nikasema amekubali. Alinikazia macho, macho ambayo ugonjwa haukuyagusa, akamwambia dada aondoke kidogo.

"Amekubali bure hivi? Hakukuambia kitu?"

Nikatazama mlangoni. Mimi sijui kudanganya, na mbele yake nilikuwa sijui kabisa.

"Bon, haya," akasema. "Amekuambia."

Nikaketi karibu naye. Akazungumza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Ishinge ni ya udongo mbaya, alisema. Kwenye udongo mbaya inasimama. Mwaka wa pili aliikuta ile ya pale imenenepa, majani mapana, inalala chini yote kama imelewa, na jirani yake, hatua moja tu pembeni, imesimama wima. Alitia mkono chini ya shina akatoa udongo mweusi wenye majivu. "Mi nimezaliwa kilimani, mwanangu. Baba yangu alipika pombe maisha yake yote. Urwina naijua kwa kunusa."

Nilimuuliza sasa kwa nini. Miaka yote ile, magunia yale, safari zile. Sauti yangu ilipanda, siwezi kukataa, nilimpandishia sauti mama yangu akiwa anakufa.

Hakukasirika. "We ulitaka nikalie wapi? Barabarani?"

Ndipo nilipolia. Alinishika kichwa kwa mkono uliobaki mifupa. Akaniambia bado anataka kupelekwa palepale, siyo pembeni. Na baba mdogo nisimwambie, yeye ndiye aliyepima kibla, aibu itamuua. Nikamuuliza kwa nini palepale, na sasa sote tunajua.

"Ili ikuwe kaburi," akasema.

Alifariki siku chache baadaye, alfajiri. Tulimwosha, tukamkafini, tukamswalia pale Nyamugari, tukampakia kwenye pikapu na kuondoka na wanaume wa mtaani. Yule mtu wa Muyinga alikuwa ameshang'oa ishinge yote ya tuta kwa mafungu, ameipanga kivulini, mizizi imefunikwa gunia la maji. Nilipomwambia kwa simu kwamba mama alikuwa anajua, alisema basi tumlete palepale.

Baba mdogo alisimamia kazi. Alielekeza wachimbe kidogo kando, ubavuni mwa kaka yake, waangalie wasimguse. Mimi na mwenye shamba tulitazamana. Tukachukua majembe. Tulipofika magotini ukuta wa upande mmoja ulimomonyoka, udongo mweusi ukamwagika miguuni petu, majivu, nyuzi za majani ya mgomba zilizooza, na harufu ya zamani ya utamu uliochacha. Watu wa mtaani wakasimama. 

Baba mdogo alishuka mwenyewe shimoni, mzee yule, na kofia yake nyeupe. Alipekua kwa vidole. Alikuwa anatafuta sanda, au mfupa, au kifungo, chochote. Alipekua mpaka kucha zikawa nyeusi. Kisha akavua kofia akaishika mkononi. Mwenye shamba alimpa mkono akamtoa, akamketisha kwenye gunia. Mwenye shamba ndiye aliyetuambia tuendelee, jua linateremka.

Tulichimba hadi ndani ya majivu yale, palepale alipotaka, tukamlaza mama kwa ubavu wake wa kulia, uso kwenye kibla. Safari hii nilipima mimi. Tuliporudishia udongo, tulipanda ishinge tena wawili, mimi na yule mtu, tukikatiza mteremko, tukikanyaga kila shina kwa kisigino.

Sasa nakwenda kila mwaka mwishoni mwa mvua. Baba hatujampata, na waliojua wamekufa. Pale juu ishinge inanenepa kama kawaida yake na inalala yote, udongo ule haukubadilika. Naikata, naacha kipimo cha kiganja, na ninajua kuna mtu chini yake.